Mpwa Wangu wa Bilpam, Toa Mkono Majini

Picha za tangi lako la matumbawe zimefika zote, na ujumbe wa sauti nimeusikiliza, ingawa nusu yake ni jenereta ya jirani yako inayonguruma. Nilimwambia binamu yako anifungulie zile picha kwenye kompyuta nizione kwa ukubwa, maana kwenye simu kila kitu huonekana kizima. Nimeziona. Sasa kaa chini unisikilize, wala usinikatize kama unavyonikatiza tukizungumza. Haya nimeshayasema hadi nimechoka kuyasema, na safari hii nayaandika ili ukipiga tena nikuambie kasome.

Swali lako halijabadilika tangu msimu huu wa joto uanze: "Mjomba, nitie nini?" Kila mara nitie nini. Hujaniuliza hata siku moja, "Mjomba, nimebadilisha nini?" Na hilo ndilo swali la mtu anayetaka kujua kwa nini matumbawe yake yanakufa.

Nimelisoma daftari lako ukurasa kwa ukurasa. Nakusifu kwa kuwa nalo, kwa sababu wengi hawana hata kipande cha karatasi. Lakini wewe unaandika halafu husomi ulichoandika. Wiki ya kwanza ya Februari ncha za Acropora zimefifia rangi. Kesho yake ukapandisha taa kutoka asilimia 60 hadi 100, "zipate nguvu". Siku mbili baadaye ukatia zile chengachenga za kahawia za kunyonya fosfeti, kopo zima. Wiki ya pili ukapima ualkali ukakuta digrii 7.2, ukaona aibu mbele ya wenzako wa Dubai wanaojisifia 9 na 10, ukatia unga, na kesho yake kipimo kikasoma 10.8. Kisha ukabadilisha nusu ya maji kwa siku moja, tena kwa chumvi ya kampuni nyingine. Halafu ukatia dawa ya bakteria uliyopewa na rafiki. Kila hatua ukiisikiliza peke yake ina sababu yake. Ukizijumlisha, hao viumbe wameishi katika bahari sita tofauti ndani ya majuma matatu, na hakuna tumbawe chini ya jua hili lililoumbwa kwa maisha hayo.

Hapa kisiwani Wasini bahari haina haraka. Joto lake linapanda polepole tangu kusi inapolegea hadi kaskazi inapokwisha, miezi mingi, nyuzi tatu nne tu. Uchumvi ni gramu 35 kwa kila kilo ya maji, au karibu na hapo, mwaka mzima. Kalsiamu ni miligramu 410 hadi 420 kwa lita. Ualkali wa bahari ni kama digrii 7. Yaani ile 7.2 uliyoionea aibu ndiyo bahari yenyewe, mwanangu. Ulikuwa na bahari sebuleni Bilpam ukaitibu ikawa kitu kingine.

Najua utasema huko si Wasini. Ni kweli, na hilo nalikubali kabla hujalisema. Wewe uko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bandari ya Kilindini, katika mtaa wa Juba ambao watu wanaujua kwa makao makuu ya jeshi, si kwa samaki. Maji yanakuja kwa boza kutoka Nile, umeme unakuja na kuondoka, na paa ni la mabati. (Na kuna jambo huwa nalicheka peke yangu. Hadi Julai 2011 mtu wa Juba alikuwa raia wa nchi yenye matumbawe, maana Sanganeb, ile atoli ya Bahari ya Shamu karibu na Port Sudan, ilikuwa yake kwa karatasi. Miaka mitano baadaye UNESCO ikaiweka Sanganeb katika urithi wa dunia, na wewe ukaenda kuagiza matumbawe kwa ndege.) Basi kwa kuwa uko mbali na bahari, ndiyo sababu zaidi ya kutulia. Tangi la lita 300 halina pa kuficha kosa.

Tuanze na macho, kwa sababu naona umeandika "yamepauka" kwa kila kitu cheupe. Si kila cheupe kimepauka. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, zima taa za tangi, ngoja saa nzima, kisha tazama kwa karibu lile tawi la kulia kwenye picha ya nne. Tumbawe lililopauka bado lina nyama. Utaona vidole vyake vidogo vikitoka usiku, vyeupe au vya kung'aa kama kioo, na mfupa unaonekana kwa chini kwa sababu ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama, unaolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula, umetolewa. Hilo lina njaa, lakini liko hai, na likipata utulivu linaweza kurudisha mwani wake. Tumbawe lililochunika halina kitu. Ni mfupa mtupu wenye vishimo vikali, na baada ya siku chache utaota utando wa kijani juu yake. Hilo haliponi pale lilipochunika, hata uliimbie. Kwenye picha zako vyote viwili vipo. Ncha zilizofifia ni kupauka, na ule weupe unaopanda kutoka shinani mwa matawi ya kushoto ni kuchunika. Sababu zake si moja, nawe umezitibu kama moja.

Usiku huo huo wa tochi, tafuta wadudu. Kwenye Acropora kuna minyoo bapa inayokula nyama na kuacha alama za mviringo zilizopangana, na mayai ya rangi ya kahawia kwenye mfupa ulio wazi. Kwenye Montipora kuna konokono mdogo asiye na gamba, mweupe, mwenye manyoyamanyoya, anayekula kwa chini na kuanzia ukingoni. Kwenye picha zako sijawaona, lakini picha si jicho. Hili ni la dakika kumi tu, tusilikawize.

Kupauka kwanza, kwa maana ya joto.

Daftari lako lina joto la kila siku, nyuzi 26, 26, 27, 26. Zuri kabisa. Halafu nikaangalia saa: saa tatu usiku, saa tatu na nusu usiku, saa nne usiku. Unapima ukishatoka kazini, ukishakula, AC ikiwa imeshawashwa. Na saa tisa alasiri, Februari, nyumba imefungwa, AC imezimwa kwa sababu hamna mtu, mabati yanalia juu, ni nani aliyepima? Huko kwenu Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 41 hadi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Kama watoto wanazimia madarasani, tangi lililofungwa sebuleni na taa zikiwaka asilimia 100 juu yake lina hali gani? Nunua kipimajoto kile kinachohifadhi joto la juu kabisa na la chini kabisa. Kabla hujakipata, mwambie yule kijana anayewapikia apige picha ya kile cha kioo kila siku saa tisa alasiri akutumie. Nikiona 30 au 31 hapo, nimemaliza nusu ya kesi bila kutia tone la dawa.

Wanaoangalia matumbawe ya bahari kwa setilaiti hawahesabu joto la siku moja. Wanahesabu limbikizo: nyuzi moja juu ya kawaida ya mwezi wenye joto kuliko yote, ikikaa wiki nne, kupauka kunatarajiwa, ikifika wiki nane au mfano wake, mauti. Kwa hiyo alasiri moja mbaya haiui, ila alasiri thelathini zinaua, na wewe usiku unaandika 26. Na taa ndizo zinazomalizia. Joto na mwanga mkali vikikutana ndipo ule mwani wa ndani unapogeuka sumu kwa mwenyeji wake. Wakati wa joto mtu anapunguza mwanga, wewe ukaupandisha. Shusha taa hadi asilimia 50, ziwake kuanzia jioni unaporudi hadi usiku wa manane, mchana zilale. Matumbawe hayajali jua la Juba liko wapi, yanajali saa zao zisiyumbe.

Utaweka feni juu ya maji. Vyema, nami nakushauri hivyo hivyo, hasa kati ya Desemba na Machi ambapo hewa yenu ni kavu na maji yakitoka kwa mvuke yanapoa kweli. Mvua zikianza, hewa ikishiba unyevu, feni hiyo hiyo haitafanya kazi kwa kiasi kile, ujue mapema usije ukanipigia Mei ukilia. Lakini feni ina deni. Kinachotoka ni maji, chumvi inabaki. Tangi la lita 300 likipoteza lita 15, uchumvi unatoka 35 kukaribia 37. Kwenye daftari umeandika kwamba ulikwenda Nimule kutoa mzigo, siku nne, na uliporudi "nimejaza maji ndoo mbili". Ndoo mbili za lita ishirini kwa mkupuo! Umewachukua viumbe kwenye maji makali ukawatupa kwenye maji mepesi ndani ya dakika tano. Tia boya na koki ndogo, au pampu yenye kihisi, ijaze kidogo kidogo kutwa nzima kutoka kwenye pipa la maji matamu. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko dawa uliyonunua, na wewe ni fundi umeme, sioni kwa nini mjomba wako mvuvi akufundishe kufunga kihisi. Refraktometa yako pia isahihishe kwa kimiminiko cha 35, usitegemee maji yaliyochujwa peke yake. Inaweza kusoma sifuri vizuri ikadanganya huko juu.

Hayo maji matamu nayo yana maneno. Uliniambia unayapitisha kwenye mashine ya utando, nikafurahi. Kisha nikaona picha ya mashine imefungwa chini ya sinki, inalishwa na tangi la juu ya nyumba. Hilo tangi liko mita ngapi kutoka chini? Tuseme sita. Mita kumi za maji ndizo zinazotoa baa moja ya msukumo, kwa hiyo wewe una kama nusu baa na kidogo. Ule utando unataka tatu au nne. Ukiwa na msukumo mdogo namna hiyo maji yanatoka polepole, mengi yanamwagika, na yanayopita yanabeba mambo ya Nile pamoja nayo. Resini iliyo mwisho wa mashine inachoka mapema, na resini iliyochoka huanza kuachia ilivyovishika, silika na fosfeti. Ndiyo sababu fosfeti yako ilikuwa inapanda kila mwezi, ukawalaumu samaki kwa kula sana! Tia pampu ya kuongeza msukumo, badilisha resini, na kile kipimo kidogo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0. Kikisoma 5, badilisha. Usiseme "ni tano tu".

Fosfeti yenyewe sasa. Ilikuwa 0.18, juu kidogo, si janga. Ungeishusha kwa wiki kadhaa. Wewe ukatia kopo zima, ikasoma 0.00, ukafurahi. Tumbawe linahitaji fosfeti kidogo kujenga mwili wake, na ule mwani wa ndani unaihitaji zaidi. Ukiliondolea chakula ghafla, ukalipandishia taa, ukalipandishia na ualkali, umeliambia likue haraka bila kula. Acropora wakiwa kwenye hali hiyo ncha zao huungua na shina huanza kuchunika. Ndio huo weupe wa kushoto. Toa hizo chengachenga leo. Lisha samaki kama kawaida. Nataka kuona fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, na naitreti tano, hata kumi sitakugombeza.

Ualkali nimeuchelewesha kwa makusudi kwa sababu hapa ndipo nina la kusema refu kidogo. Watu wa pwani tunajua chokaa kabla ya hao wenzako wa Dubai. Wazee wetu walichoma matumbawe kwenye tanuu, wakapata chokaa, wakajengea Lamu na Mombasa. Hicho kitu kinachoshikilia kuta za kale ndicho ambacho tumbawe hukichota majini chembe kwa chembe likajijengea mfupa. Ukiona watu wa matangi wanadondosha maji ya chokaa usiku, wanarudisha kile kile. Kila digrii moja ya ualkali inayotumika kujengea mfupa inakwenda na kama miligramu 7 za kalsiamu kwa lita, vinapungua pamoja, vinarudishwa pamoja. Sasa tazama: wewe ulitia unga wa ualkali peke yake, digrii tatu na nusu kwa usiku mmoja. Mtu mwenye busara hazidishi digrii moja kwa siku, na nusu ni bora. Acha kutia kwa sasa. Uache ushuke wenyewe hadi 8, kisha pima kila siku saa ile ile kwa wiki nzima bila kutia chochote, ujue tangi lako linakula kiasi gani kwa siku. Ukishajua, unarudisha kiasi hicho, kidogo kidogo, kila siku, si pakiti nzima Ijumaa. Na magnesiamu ipime mara moja, ikiwa karibu na 1,300 iache.

Ukitaka chokaa, nunua kalsiamu haidroksaidi safi. Usiende Konyo Konyo kununua mfuko wa chokaa ya kupaka kuta, nakujua wewe na bei nafuu. Ile ina mambo mengine ndani. Hata ile safi, gramu moja na nusu tu ndiyo inayoyeyuka vizuri kwa lita, iliyobaki itulie chini, na maji yake ni makali yanachoma, yadondoke polepole usiku.

Halafu kuna mstari mmoja kwenye daftari umeuandika ukaupita kama hukuuona: "kamba amekufa". Tarehe 29 Januari. Kabla ya yote! Samaki wazima, matumbawe bado yana rangi, kamba msafishaji amekufa. Kwanza hakikisha alikufa kweli, maana kamba huvua gamba zima likabaki limesimama na masharubu yake, na wengi wamelizika gamba. Kama alikufa, mimi nauliza mambo mawili. La kwanza, shaba. Kiungio chochote cha shaba kwenye njia ya maji ya tangi, hata kile kidogo cha pampu, kitoe. Shaba kidogo sana inatosha kuua kamba na kuchosha matumbawe, na samaki hatakuambia. La pili, dawa ya mbu. Najua malaria ya Juba si mchezo, na mama yako akisikia nakukataza kupuliza atanipigia yeye. Lakini nyingi za dawa za kopo ni za ukoo wa pareto, na ukoo huo ni sumu kali kwa kamba na kaa, na kwa samaki pia. Pampu yako ya povu inavuta hewa ya sebuleni masaa yote inaisukuma majini. Lala ndani ya neti. Kama lazima mpulize, pulizeni vyumbani, milango imefungwa, pampu ya povu imezimwa kwa muda, tangi limefunikwa kitambaa chenye maji. Na tia mkaa wa kuchujia ndani ya mfuko, mpya, leo. Huo ndio kitu pekee ninachokuruhusu kuongeza wiki hii.

Umeme ukikatika, usihangaike na taa wala na chumvi. Hangaikia hewa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na usiku kila kiumbe ndani ya tangi kinaivuta. Pampu ndogo ya hewa ya betri, inayojiwasha umeme ukikata, itakuokolea samaki kabla jenereta haijawaka. Na hiyo jenereta, dirisha la upande wake lifungwe.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikae nisile chakula cha mchana. Ulisema kwamba ikishindikana utayatoa mawe yote uyachemshe "tuanze upya". Usithubutu! Yale matumbawe madogo ya duara yaliyojazana kwenye jiwe la mbele, mnayoyaita zoa, baadhi yake yana palitoksini, na hiyo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana. Ukichemsha jiwe lake, unaivuta na mvuke. Alaska, kati ya 2012 na 2014, watu waliugua majumbani na kwenye maduka ya samaki kwa kuvuta sumu ya namna hiyo baada ya kushughulikia matumbawe hayo: ladha chungu mdomoni, homa, kikohozi, mwili kuuma. Wewe nyumbani kwako unalala na wenzako watatu na kijana wa jikoni. Usichemshe, usisugue kwa maji ya moto, usikwangue bila glavu na miwani, na mkono wenye kidonda usiingie majini. Mengine yote katika barua hii unaweza kunibishia. Hili hapana.

Na lile ombi lako la kukukatia kipande Kisite nikakutumia kwa basi, jibu ni hapana, na ningependa usimwombe mtu mwingine hapa. Kisite ni hifadhi, hakuna anayechukua kitu, hata kombe tupu. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali, na Malaba hawajui kwamba wewe ni mpwa wangu. Lakini hata pasingekuwa na sheria. Wewe ulikuwa bado mdogo mwaka 1998, bahari ilipopata moto na matumbawe ya pwani yote hii, kutoka kwetu hadi Tanzania, yakawa meupe. Mahali pengi zaidi ya nusu yalikufa. Mimi nilikuwa nazamia samaki wa mapambo wakati huo, na nilifika sehemu nilizozijua kwa macho yaliyofumbwa nikakuta kifusi. Ikaja tena 2016, na Aprili 2024 wataalamu wakatangaza kwamba dunia nzima imo katika kupauka kwa mara ya nne. Vijana wa Mkwiro wanaofanya kazi na shirika la REEFolution wanapanda vipande kimoja kimoja kwenye vyuma na zege chini ya maji, wanavipiga brashi, wanahesabu. Wanawake wa Wasini wana ile bustani yao ya matumbawe wanaitunza tangu zamani. Mimi nitawapitaje hao na koleo mkononi?

Nakwambia pia jambo ambalo hutalipenda. Tangi la Acropora katika nyumba ya mabati Bilpam, mwenyewe akiwa Nimule wiki moja kati ya tatu, ni kujitakia. Si kwamba haliwezekani. Linawezekana kwa sola ya kutosha, kipoza maji cha kweli, na mtu wa kukaa nyumbani. Huna hivyo vitatu. Tumbawe la ngozi, uyoga, na hao zoa ukiwaheshimu, wanavumilia nyuzi mbili za kupanda na kushuka, hawaumii sana ualkali ukiyumba, na hawataki taa za bei ya pikipiki. Mtu akiingia sebuleni kwako hatajua tofauti. Wewe ndiye unayejua, na naona huko ndiko kunakouma. Tumbawe la ngozi lililojikunja kwenye picha ya sita usilishike, huwa linavua ngozi ya nje, linafunga wiki moja au mbili kisha linafunguka.

Basi mpango wako wa mwezi huu ni mfupi. Taa chini. Chengachenga nje, mkaa ndani. Kipimo cha joto saa tisa alasiri. Boya la maji. Maji ubadilishe asilimia kumi kwa wiki, chumvi ile ya zamani. Jambo moja kwa wiki likibadilishwa liandikwe, na wiki ifuatayo usome ulichoandika kabla hujagusa jingine. Dawa ya bakteria usitie tena, umeshaua wema na wabaya.

Nimekuhubiria utulivu kurasa zote hizi, na najua utaufurahia pale ambapo hauhitajiki. Kwa hiyo nakuambia wazi: yale matawi mawili ya kushoto, yenye weupe unaopanda kutoka shinani, hayangojei mwezi. Weupe ule unaweza kupanda sentimita kwa usiku mmoja. Ukimaliza kusoma, osha koleo, vaa glavu na miwani, kata sentimita mbili juu ya mpaka, ndani kabisa ya nyama yenye rangi, usibakize hata uzi wa ile iliyochunika. Gandisha ncha kwenye vipande vya jiwe kwa ile supa gluu nzito isiyomwagika, uziweke chini penye mwanga hafifu na mkondo wa wastani. Shina lililobaki litoe nje ya maji. Kisha nipigie picha pale ulipokata, kesho na keshokutwa, taa ile ile na upande ule ule, nione kama mpaka umesimama.